Sijafukuzwa Nyumba

Mjomba, shikamoo. Na nyote mliokaa hapo chini ya mwembe kwenye kibanda cha fundi mkisomewa barua hii: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi huku Bristol ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu. Madhumuni ya barua hii ni kueleza ile picha.

Nimeamua kuandika barua, na binamu nimemwagiza aichape steshenari, kwa sababu ujumbe wa sauti mnausikiliza nusu kisha mnaanza kikao. Picha yenyewe mnaijua. Nimekaa chini kwenye nyasi, ndevu za siku tatu, mbele yangu sufuria limeungua, nyuma yangu baiskeli imelazwa kando ya kihema kinachonifika kiunoni, na nyuma ya kihema kuna kondoo ananitazama kwa huruma. Niliituma kwenye grupu la ukoo Jumamosi usiku kwa furaha tu, nikaandika "Maisha mazuri", simu ikazima chaji. Nimekuja kuiwasha Jumapili jioni, nakuta ujumbe mia moja na kumi na nne. Shangazi amelia. Binamu wa Mwanza anauliza kama makaratasi yangu bado yanafanya kazi. Kikao kimeshakaa, mwenyekiti Mjomba, katibu kateuliwa, na michango ya kunirudisha Kahama imefika laki mbili na elfu sabini, ahadi zikiwa nje ya hesabu. Mchungaji ameniombea ibada zote mbili, tena kwa jina.

Nashukuru. Sijawahi kupendwa kiasi hicho nikiwa na hali nzuri. Lakini sijafukuzwa nyumba, wala kazi. Nina chumba, chumba kina kitanda, kodi ya mwezi huu imelipwa, na usiku ule nilikiacha kitanda kitupu kwa hiari yangu nikaenda kulala kondeni kwa kulipia. Najua hapo ndipo ubishi utakapoanzia. Msomaji anyamaze kidogo, watu wapige kelele zao, kisha aendelee.

Ni hivi. Huku mtu akishashiba wiki nzima, akaoga maji ya moto, akalala kwenye godoro nene, ikifika Jumamosi anaona kitu kimepungua. Kilichopungua ni shida. Basi anatoka kwenda kuitafuta. Mwingine anapanda mlima, mwingine anaogelea baharini mwezi wa kwanza, mwingine anafunga hema kwenye baiskeli na kwenda kulala mahali pasipo na paa. Jumatatu kazini wanaulizana ulifanya nini wikiendi, na mimi miaka miwili nimekuwa nikijibu "nilifua". Nikachoka. Nikanunua baiskeli mkononi kwa mtu, pauni 90, gia ishirini na moja ambazo nazitumia tatu. Nikanunua hema, mfuko wa kulalia, jiko la gesi dogo kama kibuyu, na suruali fupi ya kubana iliyoshonewa godoro makalioni. Ndiyo, Mjomba: sisi tunafunga sponji kwenye siti, wao wanalivaa sponji. Suruali hiyo ukiitembelea inakupa mwendo wa bata.

Mzigo wote ulikuwa kilo 14. Nilipoupima nilikukumbuka wewe na Phoenix yako, magunia mawili ya mkaa kwenye keria, beberu kafungwa juu, na bado unapokea simu. Mimi kwa kilo 14 nilikuwa napumua kama mvukuto kabla sijatoka mtaani kwetu.

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kutoka Bristol kwenda Bath ni kilomita 21, na njia yote ni kaburi la reli. Treni za abiria zilikoma miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa, na mwaka 1979 watu wakaanza kuigeuza njia ya baiskeli kipande kwa kipande mpaka 1986. Sasa ina lami, ina vibao vya buluu vyenye namba 4, ina handaki lenye taa ambalo kila anayepita humo huimba kidogo ajisikilize. Stesheni ya zamani ya Mangotsfield bado ina jukwaa na kuta. Nilisimama pale nikala maandazi yangu mawili, jukwaani peke yangu, kama abiria aliyechelewa miaka sitini.

Mji wa Bath jina lake ni Bafu, Mjomba, sikutanii. Kuna chemchemi inatoa maji ya moto nyuzi 46, Warumi wakajenga mahali pa kuogea karibu miaka elfu mbili iliyopita, mji ukaitwa hivyo mpaka leo. Nilipita Bafu saa tatu asubuhi nikiwa msafi, nikaona sina haja nalo. Likumbukeni hilo, tutarudi.

Hapo Bath ndipo unapoukuta mfereji wa Kennet na Avon. Mliomcheka baba mdogo kwa baiskeli yake ya Kihindi iliyoandikwa Avon, jueni Avon ni mto, nimeuona kwa macho, mwembamba wa kukatisha tamaa. Mfereji huo una urefu wa kilomita 140, unaunganisha upande wa Bristol na upande wa London, ulifunguliwa mwaka 1810 kwa ajili ya maboti ya mizigo yaliyovutwa na farasi. Farasi alitembea kwenye kijia kando ya maji, na kijia hicho ndicho leo kinachopitisha baiskeli. Mwaka 1841 reli ya London hadi Bristol ikakamilika, ikaunyang'anya mfereji mizigo mingi. Mwaka 1852 kampuni ya reli ikaununua kabisa, kama mtu anavyomnunua mpinzani wake ili amnyamazishe. Mfereji ukafa polepole, ukaota majani, mpaka watu wakaufukua miaka mingi, na Malkia Elizabeth akaja kuufungua upya mwaka 1990. Kwa hiyo mtiririko ni huu: reli iliua mfereji, gari likaua reli, na mimi mpwa wa fundi baiskeli nikapita juu ya makaburi yote mawili siku moja. Mkiona watu wa Isaka wanaanza kuing'oa ile reli ya zamani, niiteni, nimeshajua kinachofuata.

Kwenye kijia hicho nilijifunza mambo mawili ya adabu. La kwanza ni kengele. Kwetu kengele ya baiskeli inasema "toka". Huku ukiigonga, mtu wa mbele anaruka pembeni na kukuomba msamaha. Yeye ndiye anayetembea, wewe ndiye unayetaka kumgonga, na yeye ndiye anayeomba radhi. Nilihesabu radhi arobaini na moja kabla ya saa sita mchana. Mbwa mmoja tu ndiye aliyekataa kuomba.

La pili ni salamu. Pale mtaani kwangu nina jirani wa ukuta kwa ukuta, miaka miwili, hatujasalimiana zaidi ya kuinua nyusi. Lakini ukishatoka nje ya mji, kila unayekutana naye anakusalimu: mzee na fimbo, mama na kigari cha mtoto, kijana anayekimbia akitoa ulimi. Kumbe Waingereza nao ni watu wa kijijini, mji ndio uliowaharibu. Tatizo ni kwamba wanakuuliza "u mzima?" wakiwa wameshakupita hatua tatu. Wa kwanza nilisimama nikamjibu kikamilifu: mimi mzima, nyumbani wazima, mama alisumbuliwa na malaria ila ameshapata nafuu, na wewe je, watoto? Alirudi. Maskini, alirudi hatua zote tatu, akasimama, akasema anafurahi kusikia mama amepona. Wa pili nikamjibu kwa kichwa tu.

Pembeni mwa mfereji kumefungwa maboti, membamba kama mabehewa ya treni, na ndani yake wanaishi watu. Juu ya paa wamepanga kuni, magunia ya makaa, toroli, baiskeli, vyungu vya maua, kuku mmoja wa mapambo ambaye nilidhani ni wa kweli mpaka nilipomsogelea. Nilijisikia niko Kahama. Asiye na maegesho yake mwenyewe haruhusiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14. Sheria inataka aendelee kusafiri. Anasogea kidogo, anafunga kamba, anahesabu tena siku 14. Hao ndio mngewapigia michango, si mimi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nianze barua hii na jina lako, Mjomba.

Kuna mahali panaitwa Dundas ambapo mfereji unavuka mto. Ndiyo, maji yanavuka maji: daraja la mawe, juu yake mfereji na maboti, chini yake mto Avon na reli. Lilijengwa na mhandisi Rennie, yule yule aliyeuchora mfereji mzima. Nimelivuka, nimeenda mbele kidogo, nakuta mzungu wa makamo amekaa chini. Kavaa nguo za kubana rangi ya embe bivu, baiskeli yake, kwa kukisia, ni bei ya bajaji mpya. Ameipindua miguu juu, tairi la nyuma limelala kama chapati. Nikasimama. Akaniambia amepata pancha, ametoa tyubu, ameweka mpya, amejaza upepo kwa kile kichupa chake cha gesi, ameenda mita mia mbili, pancha tena. Sasa hana tyubu nyingine, kichupa kimekwisha, mkewe yuko Bath na gari lakini simu hapokei.

Nikamuuliza: ulimkamata mwizi? Hakuelewa. Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha, toka darasa la tatu nikikushikia karai: usifunge tairi kabla hujamkamata mwizi. Nikatoa vijiko vyangu viwili vya chuma, ambavyo kazi yake ya pili ni kula, nikaling'oa tairi. Nikapitisha kidole ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima, na robo tatu ya safari kidole kikamkuta: mwiba mdogo, hauzidi punje ya mchele, umelala ndani ya mpira ukisubiri tyubu ya tatu. Huku mashamba yamezungushiwa ua wa mti wa miba uitwao hawthorn. Wanaukata kwa mashine, vipande vinaangukia njiani, na ndivyo wakulima wa Kiingereza wanavyotuma salamu kwa waendesha baiskeli. Nikauchomoa kwa meno, nikamwekea kiganjani. Aliutazama kama daktari kamwonyesha jiwe la figo lake.

Nikajaza tyubu upepo kwa pampu yangu, nikaizamisha kwenye mfereji. Karai la kilomita 140, Mjomba! Povu likatoka. Nikatia alama, nikafuta, nikapiga msasa, nikapaka solusheni. Yule bwana akataka kubandika kiraka hapo hapo. Nikamzuia mkono. Nikamwambia subiri, solusheni ikauke mpaka isinate kidoleni. Tukakaa. Alikuwa ameishika tyubu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa nyoka amshikie. Akaniuliza nilisomea wapi. Nikasema kwa mjomba. Akauliza mji gani, nikasema Kahama. Akauliza kozi ni ya muda gani, nikasema kama miaka minane, jioni na siku za likizo. Akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza kama mnatoa cheti.

Kiraka kikashika. Alitaka kunilipa kwa simu, nikakataa, na nimejuta tangu nilipofika mji wa Devizes.

Wakati wote huo mama mmoja wa umri wa shangazi alikuwa akitutazama kutoka botini kwake, paka mapajani. Baiskeli ilipoondoka akanipa chai, vikombe viwili vikubwa, ya maziwa ila bila tangawizi wala iliki wala sukari, yaani maziwa yaliyosikia habari za chai. Nilikunywa kwa adabu. Baada ya nusu saa chai ile ikadai haki yake, choo hakuna, nikaingia kichakani. Kuna jani huku, liko kila pembe ya nchi, kimo cha goti, sura ya mchicha, ukali wa upupu. Niishie hapo kwa kuwa shangazi anasikiliza. Nilirudi botini kwa mwendo ambao suruali ya godoro haikuuhitaji, na yule mama bila kuuliza swali akachuma jani jingine pana, akaonyesha kwa mikono kwamba lisuguliwe. Wanasema majani hayo mawili huota jirani, adui na dawa yake. Sitaeleza nililisugua wapi, wala sina hakika kama lilisaidia, ila lilinipa shughuli.

Bradford on Avon nilisimama kula. Pale kuna ghala la mawe la karne ya 14, urefu mita 51, lililojengwa kwa ajili ya masista wa Shaftesbury kuhifadhia fungu la kumi. Mita hamsini na moja za sadaka ya mazao, watu wakileta ngano badala ya bahasha! Msimsomee mchungaji aya hii.

Kisha nikaagiza skonzi. Nilijua ni zile zetu za asubuhi, laini, za kuchovya. Kikaja kitu kifupi, kigumu nje, kinavunjika kama tofali bichi, kimepakwa jamu na mtindi mzito usio mtindi. Jina moja, ukoo tofauti. Na wana vita juu yake: mkoa wa Cornwall unapaka jamu kwanza, Devon unaweka ile krimu kwanza, na kila upande unamwona mwenzake hakulelewa. Mimi nilivichanganya. Mhudumu aligeuza uso.

Mpaka hapo njia ilikuwa tambarare, kwa sababu maji hayapandi mlima na farasi wa mizigo hawapendi. Nilianza kujiona mwanariadha. Kumbe mfereji ulikuwa unanilea tu mpaka Devizes. Kabla ya Devizes kuna kilima kinachoandikwa Caen na kutamkwa Keni, msiniulize kwa nini, na hapo Rennie alilazimika kuyapandisha maji kwa ngazi. Ngazi zenyewe ni vyumba vya maji vyenye milango, 29 kwa jumla, vinapanda mita 72 ndani ya kilomita tatu na ushee. Kumi na sita kati yake vimenyooka mstari mmoja mlimani. Ukisimama chini ukatazama juu unaona milango imepangana kama meno ya mamba aliyepanua kinywa. Boti linaingia chumba cha chini, mlango unafungwa, maji yanafunguliwa kutoka juu, boti linapanda na maji, mlango wa mbele unafunguliwa, linaingia chumba kinachofuata. Mara ishirini na tisa. Safari ya mlima mmoja inakula saa tano, sita.

Nikamkuta bibi na babu wanapanda. Babu yuko usukanini, bibi ndiye anayefungua milango, na hapo nikajua ndoa za ulimwengu mzima zimepangwa na mtu mmoja. Nikaegesha baiskeli nikamsaidia. Mlango unafunguliwa kwa kusukuma gogo lililolala, zito kama nguzo ya umeme, na husukumi kwa mikono: unageuza mgongo, unalikalia nusu, unakita visigino kwenye matofali yaliyochongoka makusudi, na unasubiri. Mwanzo halitikisiki. Unasukuma, halitikisiki. Halafu pale ambapo maji ya pande mbili yanalingana, bila sauti, linakubali, na tani zote zile zinaondoka na wewe kama ng'ombe aliyebadili mawazo. Nilisaidia milango ya vyumba vitatu. Bibi aliendelea na vilivyobaki akiongea nami habari za wajukuu. Mimi sikuweza kujibu, nilikuwa nahema. Nikaaga, nikaisukuma baiskeli mpaka juu kwa miguu. Mtoto aliyekuwa kwenye kigari alinipungia mkono akinipita.

Kule juu kuna malisho yanayoshuka taratibu mpaka macho yanapoishia, na ng'ombe wengi, wanono, weusi na weupe. Nilikaa nikawahesabu, si mnajua damu ya Kisukuma. Sitini na tatu. Kisha nikamtafuta mchungaji wao. Nikaangalia chini ya kila mti: mtoto hayupo, fimbo haipo, hata mbwa hayupo. Ng'ombe sitini na tatu na hakuna anayewatazama isipokuwa mimi. Nilishindwa kuondoka. Nilikaa karibu saa nzima nikiwachunga, moyo ukikataa kuwaacha peke yao, mpaka kijua kikanifanya nisinzie. Mkiniuliza ni saa ipi iliyonifurahisha katika siku nzima, ni hiyo, na nitairudia hata mkiitisha vikao vitatu.

Sasa kulala. Huku huwezi kukuta uwazi ukafunga hema tu. Kila jani lina mwenyewe, na bila ruhusa ya mwenye ardhi hulali. Mahali pekee hapa England penye haki hiyo kwa kila mtu ni nyika za Dartmoor kule Devon, na hata hapo mwenye ardhi alishitaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Mei 2025 majaji wakaamua kwamba watu wana haki ya kulala. Majaji wa juu kabisa wa nchi, vitabu vimefunguliwa, hoja ni kama binadamu anaweza kulala kwenye majani. Halafu mnasema sisi tunapenda kesi za mipaka.

Basi nikalipa. Mkulima mmoja ana konde la wageni, pauni 12 kwa usiku, ambazo ni shilingi elfu arobaini hivi. Kwa fedha hiyo unapata nyasi. Bafu lipo, linakula sarafu, na sarafu yangu ililiwa maji yakiwa bado ya baridi. Nikiwa nimejipaka sabuni mwili mzima nikaukumbuka ule mji wa asubuhi.

Hema lina vijiti viwili na maelekezo kumi na sita. Majirani walisimamisha ya kwao kwa dakika tano, mimi kwa dakika hamsini, na ule upande linapovuja bado sijui nilikosea namba ngapi. Kisha nikawasha jiko nikapika ugali na dagaa wa Mwanza, wale shangazi alionipa. Mwiko nilisahau. Kijiko cha kwanza kilipinda, nikakata kijiti cha mti wa kando ya mfereji nikakimenya gome. Sufuria za kambi ni nyembamba kama bati la soda: chini ugali uliungua, juu ulibaki uji, katikati palikuwa na tonge mbili za haki. Lakini harufu ya dagaa, jamani! Ilitoka, ikatembea konde zima, ikaingia hema moja baada ya jingine. Watu wakaanza kukagua nyayo za viatu vyao. Akaja mbwa, akimvuta mwenyewe kwa kamba, akaketi mbele ya sufuria akanitazama kwa upendo ambao sijaupata tangu nifike nchi hii. Hapo ndipo nilipomwomba mwenye mbwa anipige picha. Ile picha.

Giza halijaingia. Saa tatu na nusu usiku, Mjomba, na bado kuna mwanga wa kuanika mahindi. Nikaingia hemani nikajifungia ndani ya mfuko kama ndizi kwenye ganda lake. Binamu ameuliza nilikuwa na nani. Peke yangu. Najua kwetu anayekwenda porini peke yake ama ni mchawi ama anadaiwa. Huku ni mapumziko.

Saa saba usiku mtu akakohoa nje. Kikohozi cha mzee, kikavu, cha kifua kilichovuta tumbaku miaka arobaini. Nikafumbua macho. Akakohoa tena, karibu zaidi, upande wa kichwa. Nikamsalimu kwa Kiingereza. Kimya. Nikamsalimu kwa Kiswahili, kwa kuwa saa hiyo huwezi jua. Kimya, halafu wakakohoa wawili, kwa kupokezana, kama wazee wa baraza wanaosubiri mtuhumiwa aseme kweli. Nikasoma Zaburi niliyoweza kuikumbuka, nikashika kijiko, nikafungua zipu kidogo. Kondoo. Ukuta mzima wa kondoo nyuma ya waya. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kondoo hukohoa kama watu. Wa kwetu hawakohoi, au labda usiku huwa hatuko nao peke yetu kiasi cha kuwasikiliza.

Mvua ikanyesha alfajiri, ile yao isiyonyesha wala kuacha, ikaingilia miguuni. Nikafungasha hema likiwa bichi, nikarudi mpaka Bradford, nikapanda treni na baiskeli yangu, jioni nikawasha simu.

Sasa michango. Shangazi arudishiwe elfu hamsini zake leo leo, najua ni za kuku. Binamu wa Mwanza arudishiwe zake na aambiwe makaratasi yako sawa. Walioweka ahadi wamesamehewa. Kitakachobaki, kama wenyewe wataridhia, Mjomba anunue pampu ile ya kusimama, maana hiyo ya sasa naikumbuka ilikuwa inavuja nikiwa darasa la tano. Katibu aandike kwenye kumbukumbu kwamba mimi nina chumba, na funguo ziko mfukoni mwangu ninapoandika. Mchungaji apewe shukrani zangu nyingi, ila asinitoe kwanza kwenye orodha ya maombi: Jumamosi ya wiki ijayo naelekea Salisbury, utabiri unasema mvua siku zote mbili, na hema bado linavuja.